Namna ya kupata matibabu Dodoma: kutoka zahanati ya mtaa hadi hospitali ya kanda

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mji wa Dodoma ukiwa na wakazi 410,956, na ile ya mwaka 2022 ikakuta wakazi 765,179. Katika muda huohuo mkoa mzima ulitoka watu 2,083,588 hadi 3,085,625. Kati ya sensa hizo mbili Serikali ilihamia Dodoma, mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Aprili 2018, na mitaa ambayo ilikuwa mashamba ya uwele na mtama ikajaa nyumba za watumishi, wafanyabiashara, mafundi na wanafunzi. Wengi wa waliohamia wanajua wapi pa kununua saruji na wapi pa kupandia daladala, lakini mtoto akishikwa na homa saa nane usiku hawajui waende mlango upi. Mwongozo huu nimewaandikia hao kwanza, kisha wenyeji wa wilayani wanaoleta wagonjwa wao mjini.

Jambo ninalotaka msomaji alishike ni hili: mgonjwa anayeanzia mlango unaomfaa, akiwa na karatasi zake mkononi, hutibiwa mapema kuliko yule anayekimbilia hospitali kubwa kuliko zote akiwa mikono mitupu.

Hatua ya kwanza: zifahamu ngazi kabla hujaugua

Huduma za afya Tanzania zimepangwa kwa ngazi. Chini kabisa ipo zahanati, inayotibu magonjwa ya kawaida, kutoa chanjo, kupima wajawazito na kuzalisha akina mama wasio na matatizo. Juu yake kipo kituo cha afya, chenye vitanda vya kulaza wagonjwa, na vingi siku hizi vina chumba cha upasuaji kwa ajili ya uzazi. Kisha inafuata hospitali ya wilaya, halafu hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu hospitali ya kanda, na mwisho hospitali ya taifa pamoja na zile maalumu.

Kwa jiji la Dodoma ngazi hizo zina majina. Kituo cha Afya Makole ni mlango unaojulikana sana na wakazi wa katikati ya mji, hasa kwa uzazi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji huiita General, ipo mjini na ndiyo inayopokea wagonjwa kutoka wilaya zote za mkoa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyozinduliwa mwaka 2015, ipo mashariki mwa mji katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, nayo ni hospitali ya kanda ya kati. Hiyo ndiyo iliyoanza kupandikiza figo mwaka 2018 kwa ushirikiano na madaktari kutoka Japani, na mgonjwa wa figo wa kanda hii ambaye zamani hakuwa na njia ila kwenda Dar es Salaam au ng'ambo sasa anaweza kutibiwa karibu na nyumbani. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe nayo ipo hapahapa Dodoma, na nitairudia chini kwa sababu inaeleweka vibaya.

Nje ya jiji, kila wilaya ina hospitali yake: Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Bahi, Chemba na Chamwino. Ile ya Chamwino inaitwa Hospitali ya Uhuru, kwa kuwa ilianza kujengwa kwa fedha zilizokuwa zitumike katika sherehe za Uhuru za mwaka 2018. Pamoja na hospitali za Serikali zipo za mashirika ya dini. Hospitali ya Mvumi ya Kanisa Anglikana, iliyo takriban kilomita 40 kusini mashariki mwa mji, inajulikana kwa huduma za macho, jambo lenye uzito mkubwa katika mkoa ambao trakoma, ugonjwa ambao wazee wetu huuita vikope, imewapofusha watu wengi. Mjini ipo hospitali ya St. Gemma, Miyuji, na Ntyuka ipo DCMC, yaani Dodoma Christian Medical Centre.

Chukua karatasi moja, uandike jina la zahanati iliyo karibu na nyumba yako, kituo cha afya kinachofanya kazi usiku, na njia ya kufika General. Ibandike nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu usiku wa homa hakuna mwenye utulivu wa kuanza kuulizia njia.

Hatua ya pili: andaa mkoba wa karatasi

Kila nyumba iwe na mkoba mmoja, hata kama ni bahasha ya kaki, wenye kadi za kliniki za watoto, kadi ya bima kwa aliye nayo, namba za NIDA za watu wazima, daftari au karatasi za matibabu ya nyuma, majibu ya vipimo, na orodha ya dawa ambazo mtu anatumia kila siku. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa au pumu aandike jina la dawa na kipimo chake, si rangi ya kidonge. Aandike pia dawa zinazomdhuru, kwa mfano kama penisilini humtoa mapele au humbana pumzi.

Karatasi hizo zipigwe picha kwa simu. Hili nimejifunza kwa shangazi yangu, niliyemleta mjini kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino akiwa na uvimbe tumboni. Barua yake ya rufaa aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, mahali ambapo kwa miaka sabini ameweka kila kitu cha thamani. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua ilitunyeshea tukiwa juu ya bodaboda, na tulipofika dirishani pindo lilifunguka na kutoa karatasi iliyolowa, wino umekimbilia pembeni, muhuri umebaki duara la zambarau lisilo na herufi hata moja. Muuguzi alitupokea kwa upole, lakini hakuweza kusoma kilichoandikwa, wala namba ya simu ya kituo kilichotutuma. Tulirudi siku ya pili. Picha moja ya simu ingetuokolea siku hiyo na nauli yake.

Hatua ya tatu: anzia karibu

Kwa homa, kuhara, kikohozi, kidonda, kipimo cha malaria, uzazi wa mpango, chanjo na kliniki ya wajawazito, nenda zahanati au kituo cha afya. Fika asubuhi, kabla ya saa mbili ikiwezekana, kwa sababu maabara hupokea watu wengi asubuhi na majibu huchukua muda. Mapokezi watakufungulia faili au kukutafuta kwenye mfumo wa kompyuta. Ukishaonana na tabibu utaelekezwa maabara, utarudi kwake na majibu, ndipo uende dirisha la dawa. Watu wengi huishia njiani hapa: wakishachukua majibu ya maabara huenda moja kwa moja famasi, wakamwacha tabibu bila kujua kipimo kimesema nini. Usiondoke kabla hajakuambia jina la ugonjwa, dawa zake na siku ya kurudi.

Maelezo yako kwa tabibu yawe mafupi na yenye mpangilio. Mwambie tatizo limeanza lini, linazidi wakati gani, umekwisha kutumia dawa gani, zikiwemo za miti shamba. Usifiche dawa za kienyeji kwa kuogopa kukemewa, maana nyingine hugombana na zile za hospitali na daktari hawezi kulitambua hilo kwa kukutazama usoni. Ukiwa na mzee ambaye Kigogo au Kirangi ndicho anachokimudu, ingia naye chumbani umtafsirie, lakini mwache ajieleze mwenyewe kwanza. Nimeona vijana wakimsemea bibi mambo ambayo bibi hakuyasema.

Mjamzito aanze kliniki mapema, kabla ya wiki 12 kutimia, hata kama hajisikii vibaya. Huko hupimwa damu, shinikizo, mkojo na virusi vya Ukimwi, hupewa vidonge vya kuongeza damu na kinga ya malaria, na hujulishwa mapema kama anafaa kujifungulia zahanati au hospitali. Mwenye kovu la upasuaji, aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mwenye mapacha au mwenye shinikizo la damu apange kabisa kujifungulia hospitali yenye upasuaji, na wiki za mwisho akae kwa ndugu walio karibu nayo.

Hatua ya nne: dharura haifuati ngazi

Yapo mambo ambayo hayasubiri zahanati wala barua. Mtu aliyezimia, anayepumua kwa shida, anayetokwa na damu isiyokoma, mwenye maumivu ya kifua yanayobana, mtoto mwenye degedege au aliyelegea asiyeweza kunyonya, aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, na majeruhi wa pikipiki aliyeumia kichwa, wote hao wapelekwe moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukilegea, au maneno yakianza kukokota, hicho ni kiharusi hadi daktari aseme vinginevyo. Angalia saa dalili zilipoanza, uiandike, umpeleke mgonjwa kwenye hospitali yenye siti skani, mashine ya kupiga picha za ubongo, bila kupitia kwa mtu wa kumchua.

Aliyeumwa na nyoka, jambo la kawaida vijijini wakati wa kilimo, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe kabla hakijavimba. Asichanjwe, asinyonywe sumu, asifungwe kamba ya kukaza. Muda unaopotea katika hayo ndio uliokuwa wa kumfikisha kwenye dawa.

Mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipatwa na dharura, piga simu namba 115, ambayo ni ya bure, ya mfumo wa m-mama. Anayepokea atauliza mgonjwa yuko wapi na ana dalili gani, kisha atapanga gari la wagonjwa, na pale ambapo gari hilo liko mbali hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, anayelipwa na mfumo na si na familia. Nawaomba wanaume wa nyumba waiweke namba hii kwenye simu zao leo, kwa sababu mke anapotokwa na damu si yeye atakayepiga simu. Dalili za kupiga ni kutokwa na damu kabla au baada ya kujifungua, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, chupa ya maji kupasuka kabla ya wakati, au uchungu uliopitiliza bila mtoto kutoka.

Majeruhi wa ajali au wa ugomvi huhitaji fomu ya polisi inayoitwa PF3. Mmoja wa ndugu aende kituo cha polisi kuichukua wakati wengine wanampeleka mgonjwa hospitali. Msimpitishe polisi mtu anayevuja damu.

Kwa ushauri usio wa kukimbizana, Wizara ya Afya ina namba 199, nayo ni ya bure.

Hatua ya tano: pata rufaa iliyokamilika

Tabibu akiona tatizo limezidi uwezo wa kituo chake, anakuandikia rufaa. Kabla hujaondoka isome barua hiyo. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho au kadi ya bima, tarehe, ugonjwa unaodhaniwa, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, dawa ulizokwisha kupewa, kliniki unayopelekwa, sahihi, muhuri na namba ya simu ya kituo. Herufi moja iliyokosewa kwenye jina inaweza kukurudisha, hasa kwa mwenye bima.

Uliza pia kliniki unayopelekwa huwa siku gani. Madaktari bingwa wa mifupa, macho, moyo, watoto na wengineo wana siku zao, na mtu anayetoka Kondoa, takriban kilomita 160, akifika siku isiyo ya kliniki yake atalazimika kutafuta pa kulala. Kama unatoka mbali, panga kufika mjini jana yake. Mabasi ya mikoani huishia stendi kuu ya Nzuguni, pembeni kidogo ya mji, hivyo bado utahitaji bajaji au daladala, na ni vyema kumwambia dereva kwa jina kama unakwenda General au Benjamin Mkapa, kwa kuwa ukisema "hospitali kubwa" tu unaweza kujikuta upande mwingine wa jiji.

Kuna magonjwa ambayo rufaa yake bado ni Dar es Salaam, kama vile saratani nyingi zinazohitaji mionzi katika Taasisi ya Ocean Road. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inaunganisha Dodoma na Dar es Salaam, na kwa mgonjwa mwenye uwezo wa kukaa kitini imekuwa nafuu kubwa kulinganisha na takriban kilomita 450 za barabara.

Hatua ya sita: jipange kwa malipo

Mwenye kadi ya bima aende nayo pamoja na kitambulisho, na ahakikishe kabla ya safari kwamba kadi yake iko hai. Baada ya huduma utaombwa kusaini fomu. Isome, uone kwamba vipimo na dawa zilizoandikwa ndizo ulizopata, na usikubali kusaini fomu tupu hata ukiwa na haraka. Dawa ikikosekana dirishani, omba uelekezwe kwenye famasi inayopokea bima yako kabla hujatoa fedha zako mfukoni.

Asiye na bima hulipa kwa kontroli namba, kwa simu au kwa wakala. Usimpe mtu fedha mkononi kwenye korido, awe amevaa koti jeupe au la, na kila malipo yawe na stakabadhi.

Kwa sera ya afya, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na Ukimwi, wanastahili msamaha wa malipo katika vituo vya Serikali. Mtu mwingine asiye na uwezo aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii, ambaye yupo katika kila hospitali kubwa. Barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji humsaidia sana, kwa hiyo ichukuliwe kabla ya safari. Wengi wanaona haya kuingia ofisi hiyo. Wanauza mbuzi, kisha shamba, ilhali mlango wa ustawi upo hatua chache kutoka walipokaa.

Hatua ya saba: ugonjwa wa akili nao una mlango

Mirembe ilianzishwa mwaka 1927 na jina lake limekuwa tusi midomoni mwa watu. Mtu akikosea kidogo huambiwa apelekwe Mirembe, na watoto wanakua na neno hilo bila kujua kwamba jirani yao ana kaka aliyetibiwa pale akarudi kazini. Matokeo yake familia hufungia mgonjwa ndani, humzungusha kwa waganga, na humfikisha hospitali akiwa ameharibika baada ya miaka.

Ukiona ndugu halali usiku kwa siku nyingi, anasikia sauti zisizokuwepo, anajitenga na kuacha kula, au anasema maisha hayana maana kwake, anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako anaweza kupewa matibabu ya awali au rufaa. Akizungumzia kujidhuru, usimwache peke yake na umpeleke siku hiyohiyo. Njiani mwambie ukweli kwamba mnakwenda hospitali. Ukimdanganya mara moja hatakuamini siku ya kwenda kuchukua dawa. Kwa waliozama katika dawa za kulevya, kituo cha Itega kilicho chini ya Mirembe ndicho mlango wao. Dawa za akili hazikatishwi kwa sababu mgonjwa amepata nafuu, kwani nafuu hiyo mara nyingi imeletwa na dawa zenyewe.

Hatua ya nane: akilazwa

Chagueni ndugu mmoja wa kuzungumza na madaktari, namba yake iandikwe kwenye faili. Awepo asubuhi wakati madaktari wanapozunguka wodini, kwa kuwa hapo ndipo mipango ya siku hupangwa. Leteni chakula kwa saa zilizowekwa, na mumuulize muuguzi kwanza kama mgonjwa anaruhusiwa kula. Anayesubiri upasuaji hapewi hata kikombe cha uji, na mama mkwe mwenye huruma anaweza kuahirisha upasuaji kwa vijiko viwili tu.

Mkiambiwa damu inahitajika, jueni kwamba damu haiuzwi. Atakayeidai kwa fedha aripotiwe kwa uongozi. Ndugu mtatakiwa kuchangia ili benki ya damu isikauke: mtu mwenye umri wa kuanzia miaka 18, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne.

Ukiwa na malalamiko, anza kwa muuguzi kiongozi wa wodi, kisha ofisi ya huduma kwa wateja, kisha mganga mfawidhi. Taja tarehe, saa na kilichotokea bila matusi. Malalamiko ya namna hiyo hufanyiwa kazi.

Siku ya kuruhusiwa usikimbilie gari. Pokea karatasi ya kuruhusiwa, uisome ukiwa bado wodini, uulize kila dawa inanywewa saa ngapi na kwa siku ngapi, ni dalili zipi zikitokea mgonjwa arudishwe kabla ya tarehe yake, na kidonda kitasafishwa wapi. Mara nyingi jibu la swali hilo la mwisho ni zahanati ya kijijini kwenu. Mpelekee mhudumu wa pale karatasi hiyo kesho yake asubuhi, naye ataendelea pale hospitali ilipoachia.